Jirani Mmoja Akikwama, Mbona Wote Wasimame?

Bando iko, netwaki imejaa, na bado malipo yamekwama. Siku mtandao ukiwa chini, swali la kila mtu ni lile lile: kama simu yangu iko sawa, shida iko wapi?

Jibu fupi ni kwamba kati ya simu yako na kompyuta zinazotunza hesabu ya pesa zako kuna mashine nyingi, na mashine hizo zinategemeana. Wakati mwingine hakuna hata moja iliyoharibika. Ni moja tu imesimama ikingoja nyingine, na inapongoja, imesahau kwamba kuna wengine nyuma yake.

Leo tunaangalia kusimama kwa aina hiyo. Tuite kuandika kwenye soketi kwa kungoja. Jina linatisha kidogo, lakini jambo lenyewe ni rahisi. Ukilielewa utajua mambo mawili: kwa nini uzembe mdogo ndani ya programu unaweza kuangusha mtandao wa watu wengi, na kwa nini hufai kutuma pesa mara ya pili kabla ya kupata jibu la mara ya kwanza. Mimi nilisomea masoko chuoni, si uhandisi, kwa hivyo usiogope. Tutaenda polepole.

Ruta na majirani zake

Ukilipa kwa programu ya simu, ujumbe wako unapita kwenye mnara ulio karibu, unaingia kwenye mtandao wa kampuni yako ya simu, halafu unapitishwa kutoka ruta moja hadi nyingine mpaka ufike kwenye seva inayohusika. Ruta inafanya kazi ya askari wa trafiki kwenye makutano. Inaangalia ujumbe unaelekea wapi, kisha inauonyesha barabara.

Kama unatumia zile menyu za nyota na reli, yaani USSD, kipande cha kwanza cha safari, kutoka simu hadi mnara, ni tofauti na cha intaneti. Lakini kompyuta zilizo nyuma yake nazo zinaongea kupitia mitandao yenye ruta. Kwa hivyo hadithi hii inakuhusu hata kama simu yako ni kabambe au mulika mwizi.

Sasa, ruta inajuaje barabara? Inaambiwa na majirani. Mitandao mikubwa duniani huambiana njia kwa lugha moja inayoitwa BGP. Lugha hiyo ilianza mwaka 1989, wakati Kirk Lougheed na Yakov Rekhter walipochora wazo lao kwenye karatasi za kupangusia mikono wakiwa kwenye chakula cha mchana. Toleo linalotumika leo limeelezwa kwenye waraka uitwao RFC 4271 wa mwaka 2006. Ruta mbili zinazoongea BGP huitwa majirani, hata kama moja iko Nairobi na nyingine iko London.

Hapa kwetu, majirani wengi hukutana KIXP, kituo cha kubadilishana data kilichozinduliwa Nairobi Novemba 2000. Kilifungwa muda mfupi baadaye kwa mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, kama watu hao wawili walitumia kampuni tofauti za intaneti, ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, kisha ikarudi. Siku hizi mitandao iliyounganishwa hapo inapeana data papo hapo, lakini ni lazima kwanza iambiane nani anafikika kupitia nani.

Na habari za kuambiana si kidogo. Orodha kamili ya njia za intaneti ya dunia, tukihesabu zile za mfumo wa zamani wa anwani uitwao IPv4 peke yake, ina njia zaidi ya 900,000. Ruta moja inaweza kupewa orodha hiyo na jirani mmoja, halafu ikatakiwa kuipasha kwa majirani wengine wengi.

Soketi ni nini?

Ndani ya ruta kuna programu inayoshughulika na mazungumzo hayo. Kwa kila jirani, programu inafungua soketi moja. Soketi ni kama dirisha dogo la kupokezana: programu inaweka ujumbe dirishani, mfumo endeshi wa mashine unauchukua na kuusafirisha hadi upande wa pili. Kitendo cha kuweka ujumbe dirishani ndicho kinachoitwa kuandika.

Mara nyingi kuandika ni kazi ya kupepesa jicho. Shida ni pale upande wa pili unapokuwa mzito. Labda ruta ya jirani ni ya zamani, au imelemewa na kazi, au programu yake ina hitilafu na imeacha kusoma. Ujumbe unarundikana kwake mpaka nafasi ya kupokelea inaisha. Hapo mashine yake inatuma habari kwamba nafasi iliyobaki ni sifuri, usilete kingine. Upande wetu nao unaanza kujaa, kwa sababu vinavyotoka dirishani havina pa kwenda.

Sasa programu yetu inakuja na ujumbe mwingine mkononi, dirisha limejaa. Ifanye nini?

Weita mmoja, meza arobaini

Fikiria hoteli ya mtaani saa saba mchana. Weita ni mmoja, meza ni 40. Kwenye meza ya kona kuna mteja ameshika simu, anabishana na mtu. Vikombe na sahani alizoletewa bado hajagusa, na meza yake imejaa. Weita anafika na chai yake.

"Boss, chai yako."

Mteja haangalii. Hakuna nafasi ya kuweka kikombe.

Weita wa kwanza anaamua kusimama pale pale na kikombe mkononi mpaka nafasi ipatikane. Ana nidhamu sana, lakini meza 39 zilizobaki hazipati kitu. Mwenye njaa hapati ugali, aliyemaliza hapati bili, na mlangoni wengine wanaingia, wanaona hakuna anayewashughulikia, wanatoka. Hawajui kuna mteja mmoja wa kona. Wanachoona ni hoteli imelala.

Weita wa pili anaangalia meza, anaona imejaa, anarudisha chai kaunta na kuendelea na wengine. Mteja wa kona akisukuma vyombo kando na kuinua mkono, weita anamletea. Chai haikumwagwa, mteja hakusahaulika, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu yake.

Weita wa kwanza ndiye programu inayoandika kwa kungoja. Weita wa pili anaandika bila kungoja. Tofauti kati yao si kasi ya miguu. Wote wawili wanatembea sawa. Tofauti ni nani anayelipia uzito wa mteja mmoja: yeye mwenyewe, au hoteli nzima.

Sekunde 90

Kwenye hoteli, wateja watanung'unika tu. Kwenye ruta, majirani wana saa mkononi.

Katika BGP, kila ruta hutuma ujumbe mfupi wa kusema "niko hai" kwa kila jirani, mara kwa mara, hata kama hakuna habari mpya ya njia. Kila jirani anahesabu muda tangu asikie sauti ya mwisho. RFC 4271 inapendekeza kikomo cha sekunde 90, na ujumbe wa "niko hai" utumwe kila baada ya theluthi ya muda huo, yaani sekunde 30. Kikomo kikipita bila kusikia chochote, jirani anaamua kwamba ruta imekufa. Anakata mazungumzo na kufuta njia zote alizofundishwa nayo.

Hebu tuhesabu. Ruta ina majirani 40. Jirani mmoja ameacha kusoma kwa dakika mbili. Programu yetu inafanya kazi moja kwa wakati, na imesimama kwenye dirisha lake. Dakika mbili ni sekunde 120. Kwa muda huo, majirani 39 ambao hawana kosa lolote hawajaambiwa "niko hai" hata mara moja. Wakifika sekunde 90, wanaanza kukata mmoja baada ya mwingine.

Tazama kilichotokea. Mzito alikuwa mmoja. Walioanguka ni 39.

Na haiishi hapo. Dirisha likifunguka, programu inaamka na kukuta majirani wametoweka. Inabidi ianze mazungumzo upya na wote, na kumpa kila mmoja orodha nzima ya njia tangu mwanzo. Kazi hiyo kubwa inamwangukia pia yule jirani mzito, ambaye anajaa tena, na programu inasimama tena. Mzunguko wa namna hii unaweza kujirudia mpaka mtu auvunje kwa mkono.

Kuna hali mbaya zaidi. Fikiria ruta mbili, zote zinaandika kwa kungoja, na zote zina mengi ya kusema kwa wakati mmoja. Huyu anamwandikia yule, yule anamwandikia huyu. Kila mmoja amesimama kwenye dirisha akingoja mwenzake asome, na hakuna anayesoma kwa sababu wote wamesimama. Ni kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, kila mmoja amebeba godoro na hakuna anayerudi nyuma. Hiyo haitajitatua yenyewe.

Mbona hutokea siku mbaya?

Siku ya kawaida, habari za njia ni chache na kila jirani anazimeza bila shida. Programu yenye udhaifu huu inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi bila mtu kushuku.

Halafu inakuja siku kama Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Waya ukikatika, njia zilizopita humo zinakufa zote kwa pamoja. Kila ruta iliyoguswa inatakiwa kuwaambia majirani zake: hizi zimekufa, pitia hizi nyingine. Habari ambazo siku ya kawaida zingetiririka kidogo kidogo zinamwagika kwa dakika chache.

Ndiyo sababu udhaifu wa kuandika kwa kungoja hujitokeza siku ambayo kila mtu anahitaji mtandao zaidi. Siku ya mafuriko ya habari ndiyo siku ruta zina kazi nyingi, ndiyo siku jirani mzito anajaa, na ndiyo siku programu yetu haifai kabisa kusimama. Waya uliokatika ni ajali. Kuongeza juu yake ruta iliyosimama kwa sababu ya jirani mmoja ni jambo linaloweza kuzuiwa na mtu anayeandika programu.

Dawa yake

Dawa inajulikana kwa miaka mingi, na ina hatua ambazo hata weita wetu wa pili angezitambua.

Kwanza, programu inauambia mfumo endeshi kwamba soketi hii ni ya kutongoja. Kuanzia hapo, ikijaribu kuandika na dirisha limejaa, hailazwi. Inarudishiwa jibu mara moja. Kwenye Linux jibu hilo linaitwa EAGAIN, yaani jaribu tena baadaye.

Pili, ujumbe ambao haukuingia unawekwa kwenye foleni ya jirani yule, kwa mpangilio. Kila jirani ana foleni yake. Hapa pana mtego mdogo: dirisha linaweza kuchukua nusu ya ujumbe na kukataa nusu. Programu nzuri inakumbuka ilifika wapi, ili ikirudi iendelee kutoka hapo. Ikianza ujumbe mwanzo tena, jirani atapokea maneno yaliyorudiwa katikati na kukata mazungumzo kwa sababu haelewi.

Tatu, programu inaomba kuarifiwa. Haizunguki kila sekunde kuuliza "nafasi iko?" maana hilo nalo ni kupoteza nguvu. Inauambia mfumo endeshi: dirisha hili likipata nafasi, nistue. Wakati huo inasoma habari za wengine, inatuma "niko hai" kwa wengine, inaendelea na maisha.

Programu halisi zimepitia njia hii. Mwaka 1996 Kunihiro Ishiguro alianzisha Zebra, programu huria ya ruta. Kutoka kwake ikazaliwa Quagga, na kutoka Quagga ikazaliwa FRRouting inayotumika leo. Ndani ya familia hii kuna programu kadhaa kwenye mashine moja, na zinaongea na programu kuu kwa soketi vilevile. Kama programu kuu ingesimama kumngoja mtoto mmoja aliyelemewa, watoto wote wangekosa habari. Kwa hivyo Quagga iliweka soketi za watoto hao kuwa za kutongoja, na foleni kwa kila mmoja. FRRouting ikaenda mbele: katika sehemu yake ya BGP, kazi ya kusoma na kuandika kwenye soketi imepewa mfanyakazi wake, na kazi ya kutuma "niko hai" ikapewa mfanyakazi mwingine. Hata mhesabu njia akiwa na shughuli nyingi, majirani bado wanasikia sauti.

Foleni nayo iwe na mwisho

Ungedhani tumemaliza. Bado. Weita wa pili amerudisha chai kaunta, sawa. Lakini mteja wa kona anaendelea kuagiza: chapati, ndengu, maji. Kama hatawahi kusafisha meza, kaunta yote itajaa oda zake na hakutakuwa na nafasi ya mtu mwingine. Kwenye kompyuta, kaunta ni kumbukumbu ya mashine. Foleni isiyo na kikomo inaila mpaka programu nzima inaanguka. Umetoka kwenye kusimama ukaingia kwenye kufa.

Kuna njia mbili za kudhibiti hilo.

Ya kwanza ni kufupisha habari. Kwenye njia za mtandao, kinachojalisha ni hali ya sasa. Kama njia fulani imebadilika mara tano wakati jirani amelala, hana haja ya kusimuliwa mabadiliko yote matano. Akiamka, anaambiwa la mwisho tu. Hivyo foleni haiwezi kuwa ndefu kuliko orodha ya njia zenyewe.

Ya pili ni kujua wakati wa kuachana. Hapa kwa muda mrefu kulikuwa na pengo. Kumbuka, saa ya sekunde 90 inapima ninachosikia kutoka kwa jirani. Je, kama jirani mwenye hitilafu anaendelea kunitumia "niko hai" kila sekunde 30, lakini yeye mwenyewe hasomi chochote ninachomtumia? Kwa saa yangu, yuko mzima. Kwa kweli, anaendelea kupeleka data kwenye njia zilizokufa zamani, kwa sababu habari ya kufa kwake haijamfikia. Ni rafiki anayejibu "niko njiani" kila ukipiga simu na hajatoka nyumbani.

Pengo hilo lilizibwa rasmi Novemba 2024 kwa waraka RFC 9687. Unaongeza saa ya pili, inayopima kama ninaweza kutuma. Nikishindwa kabisa kumtumia jirani kitu kwa muda uliowekwa, nakata mazungumzo mwenyewe. Muda uliopendekezwa ni dakika 8, au mara mbili ya kile kikomo cha kusubiri, mmoja ulio mrefu zaidi. Jirani mzito anapewa nafasi ya kutosha kujikusanya, lakini si milele.

Hapa ndipo pesa zako zinaingia

Sasa turudi kwa kile kilichokuleta kwenye ukurasa huu. Kanuni ya kutongoja ni nzuri, lakini inakuja na jambo moja ambalo kila mtumiaji wa pesa za simu anafaa kulijua.

Programu ikiandika kwenye soketi na kuambiwa "sawa", hiyo sawa haimaanishi ujumbe umefika. Inamaanisha umepokelewa dirishani. Bado uko ndani ya mashine ile ile. Unaweza kufika baada ya sekunde moja, au baada ya dakika, au waya ukakatika na usifike. Uthibitisho wa kweli ni mmoja tu: jibu kutoka kwa yule uliyemtumia, likisema limepokelewa na kazi imefanyika.

Ndiyo maana neno "inashughulikiwa" kwenye skrini lina maana yake kamili. Haijakataliwa. Haijakamilika. Iko mahali fulani kwenye foleni, na hakuna aliye upande wako wa skrini anayeweza kuapa iko wapi.

Na kuna tofauti kubwa kati ya njia na pesa. Tulisema habari za njia zinaweza kufupishwa, la mwisho likatosha. Pesa haziwezi. Ukituma shilingi 500 kwa muuza mboga, halafu shilingi 500 tena kwa muuza mboga yule yule, hayo ni malipo mawili. Huenda ni kosa, huenda umenunua mara mbili. Mashine haiwezi kuyafuta moja kwa kudhani. Kila malipo yana namba yake ya kumbukumbu kwa sababu hiyo hasa: ombi lile lile likirudiwa na mtandao litambulike kuwa ni lile lile. Lakini wewe ukirudi mwanzo, ukaingiza kiasi upya na kuweka PIN upya, umeanzisha ombi jipya lenye namba mpya. Mtandao ukifunguka, yote mawili yanaweza kupita.

Chukua mfano wa mzazi anayelipa karo ya shilingi 12,000 siku ya kufungua shule. Kaduara kanazunguka, mtoto yuko getini, anajaribu tena. Baada ya dakika tatu ujumbe mbili zinaingia, na shilingi 24,000 zimeondoka. Shule haijaiba, mtandao haujaiba. Lakini kodi ya nyumba ya mwezi huo sasa inangoja barua ya kuomba kurudishiwa.

Ufanye nini ukikwama?

Ukiona "inashughulikiwa", fanya haya kwa mpangilio:

1. Usirudie kwanza. Subiri SMS ya uthibitisho. Mtandao ukiwa mzito, SMS nayo inaweza kuchelewa, kwa hivyo kukosa SMS kwa dakika moja si ushahidi kwamba malipo yamekufa.

2. Angalia salio. Kama limepungua kwa kiasi ulichotuma, pesa zimeshaondoka kwako. Kama halijapungua, bado usikimbilie kutuma. Angalia taarifa fupi ya akaunti yako uone kama kuna malipo yanayosubiri.

3. Ukilazimika kulipa sasa hivi, ongea na muuzaji. Mwambie wazi kwamba ya kwanza iko njiani, mwandikiane namba na kiasi. Ukilipa kwa njia nyingine na ya kwanza ikafika, kila mmoja ana kumbukumbu.

4. Kama umetuma mara mbili, usimpigie mtu yeyote aliyekutumia SMS akijidai atakurudishia. Piga namba rasmi ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya programu yako, ukiwa na namba zote mbili za kumbukumbu. Na PIN yako usimpe mtu, hata anayesema yuko kwa kampuni.

Kama wewe ndiye muuzaji, kuna la kwako pia. Picha ya skrini ya mteja haithibitishi kitu, hasa kama imeandikwa "inashughulikiwa". Hiyo ni chai iliyo kaunta. Haijafika mezani kwako. Angalia SMS kwenye simu yako mwenyewe, halafu angalia salio lako mwenyewe, kwa sababu SMS inaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Siku mtandao ukiwa mzito ndiyo siku matapeli hupenda, maana kila mtu anategemea kuambiwa "itafika tu".

Ruta iliyoandikwa vizuri haingoji jirani mmoja na kuwaacha wengine, lakini pia haidai ujumbe umefika kabla ya kupata jibu. Na wewe fanya hivyo na pesa zako. Ukikwama, hudumia mambo mengine, weka namba ya kumbukumbu karibu, na usiseme imelipwa mpaka upande wa pili ujibu.